Wimbo Nilioukana Mbele ya Baba

Bukavu, Jumamosi, saa nane mchana

Nabintu wangu,

Umeteremka Kadutu kusukwa nywele, na kwa jinsi ninavyomjua yule anayekusuka na hadithi zake, hutafika hapa kabla ya saa kumi na moja. Baba yako yuko hospitali, na zamu yake inaisha saa hiyohiyo. Wadogo zako nimewatuma kwa shangazi. Kwa hiyo meza ni yangu peke yangu, na nyumba iko kimya kuliko siku yoyote tangu uzaliwe.

Mambo ya safari nayaruka. Lori la Uvira, meli ya Kalemie, treni ya kwenda Lubumbashi, sabuni, blanketi, nani wa kumsalimia na nani wa kumkwepa: hayo shangazi yako amekwambia mara tatu, na mara ya tatu nilikuona unahesabu mbao za dari. Mimi nataka kukuandikia juu ya ile disiki.

Unaijua. Ni ile sahani ndogo ya muziki iliyo kabatini chini ya vitambaa vya meza, ambayo ninyi watoto huitoa siku za Noeli mkaicheka sauti ya mama yenu alipokuwa msichana. Mnajua kwamba niliimba na orkestra ya roki, kwamba wimbo wetu ulivuma Bukavu nzima, na kwamba kwenye karatasi ya katikati pameandikwa "Mwimbaji: Fulani". Kila mkiniuliza kwa nini Fulani na si Nsimire, nimewajibu kwamba ulikuwa mzaha wa vijana. Haukuwa mzaha. Nimewaficha jambo hilo miaka yote kwa sababu ninyi mnapenda kucheka, na mimi sikutaka mcheke pale.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa, mwaka wa mwisho wa lycée, sekondari yetu. Ilikuwa miaka ile ya mwanzo ya Zaïre, tulipokuwa bado tunazoea kuitana citoyen na citoyenne, yaani raia, na majina yetu ya ubatizo yalikuwa yamefutwa kwenye karatasi lakini bado yanaitwa jikoni. Papa wangu, babu yako, alikuwa karani wa ghala la majani ya chai siku za kazi, na jioni na siku zilizobaki alikuwa mwalimu wa kwaya ya parokia. Ulimjua akiwa mzee aliyesinzia kwenye kiti. Hukumjua akiwa amesimama mbele ya wasichana ishirini, kidole mdomoni, akisema, "Polepole. Mungu haiko kiziwi." Alitaka sauti ya msichana iwe laini, isimwamshe mtu. Mimi nilikuwa binti wake, kwa hiyo nilikuwa laini kuliko wote. Wakati mwingine nilikuwa nafungua mdomo tu.

Siku moja alinituma kuchukua redio yetu kwa fundi ambaye yeye hakuwahi kumwona. Fundi huyo alikuwa tonton Birindwa. Najua, wewe unamjua na kipara chake na miwani yake iliyofungwa uzi. Wakati ule alikuwa na nywele nyingi kama kichaka na mikono iliyoungua ungua kwa risasi ya kulehemu. Nyuma ya kibanda chake walikuwa wanapiga muziki vijana watatu: yeye na gitaa, Mugisho kwenye ngoma, na kijana mrefu mpole aitwaye Safari kwenye besi. Mugisho alikuwa ametoka seminari mwaka ule, naye alipiga ngoma kana kwamba anadai kurudishiwa kitu. Waliitwa Radi.

Muziki wenyewe waliufuatia kwenye redio za mbali, usiku na mchana, na kwenye sahani walizoachiwa na mwalimu mmoja Mzungu aliyerudi kwao. Ulikuwa roki, lakini roki nzito. Nilipousikia mara ya kwanza nilidhani kuna mashine ya kusaga mihogo imeharibika. Birindwa alikuwa amepata spika kuukuu ya ukumbi wa sinema, karatasi yake imepasuka. Fundi mwingine angeishona. Yeye alisikia ule mkwaruzo, akachukua wembe, akaipasua zaidi. Gitaa likaanza kunguruma kama lori la chai linapopanda mlima limejaa.

Nilicheka. Birindwa akageuka.

"Unacheka nini?"

"Hakuna mutu anaimba. Iko makelele tu."

"Basi imba wewe."

Nikaimba. Hawakunisikia hata kidogo, lakini nilirudi wiki iliyofuata, na ile iliyofuata. Nyumbani nilisema ninakwenda kujifunza dactylo kwa rafiki. Ona jinsi uongo unavyoanza, Nabintu: wa kwanza ulikuwa mdogo na wenye adabu, hata mashine ya kuandika ilikuwemo ndani yake.

Maneno ya wimbo niliyatoa kwa nyanya yako. Maman alikuwa akiuza mihogo katika soko la Kadutu, na wakati wa mvua ile njia ya kupanda kutoka sokoni inakuwa tope tupu. Wanawake hupanda mmoja nyuma ya mwingine na mizigo mgongoni, kamba imekaza kwenye paji la uso, na aliye mbele huwapigia kelele walio nyuma. Maman ndiye aliyekuwa mbele siku zote. "Mvua imenyesha! Shika jiwe! Usiteleze!" Nilichukua hayo, nikaongeza machache. Wimbo tukauita "Usiteleze". Nilikuwa nimeandika mistari mingine mirefu ya kishairi juu ya mwezi na machozi, Birindwa akaisoma yote, akanirudishia daftari, akasema, "Hii ya maman yako ndiyo iko na uzito."

Mugisho alimjua padri mmoja Mubeljiki aliyekuwa na chumba cha kurekodia mafundisho ya katekisimu. Padri alikubali kutupa Jumamosi moja, baada ya chakula cha mchana. Tuliziba kuta kwa mablanketi na magunia. Mikro ilikuwa moja tu, kwa hiyo kila mmoja ilibidi asimame mbali nayo kadiri ya kelele zake: mimi karibu kabisa, Safari hatua tano, Birindwa na spika yake mlangoni, na Mugisho nje kabisa, kwenye korido, na mlango wazi.

Mara ya kwanza tulipomaliza, padri alivua vile vitu vya masikioni, akaniangalia kwa huruma.

"Binti, nimesikia kila kitu isipokuwa wewe."

Mara ya pili hivyohivyo. Nilikuwa naimba kama niko kanisani. Birindwa akaweka gitaa chini, akaja mpaka mbele yangu. Nilidhani atakasirika.

"Nsimire, unaimbia nani?"

"Sijue."

"Maman yako akiwa mu njia, mutu nyuma yake anataka kuanguka, anaita namna hii?"

"Hapana."

"Anaita namna gani?"

Nilifumba macho, nikamwona Maman na kamba yake kwenye paji, na nyuma yake mwanamke mwenye mimba anatafuta pa kuweka mguu. Nikaita. Sikuimba, niliita. Safari aliruka. Nikasikia Mugisho huko koridoni anacheka kwa furaha, na padri akawasha mashine.

Mara hiyo ya tatu ndiyo iliyo kwenye disiki. Na ule mwisho ambao ninyi hupenda kuuigiza, sauti inapopanda, inapanda mpaka inakuwa nyembamba kama filimbi, si ufundi wangu. Umeme ulipungua. Mashine ya padri ilianza kuzunguka polepole tukiwa kwenye mstari wa mwisho, sisi hatukujua. Tulipourudisha utepe ili tusikilize, umeme umeshapata nguvu, sauti yangu ikapaa juu kama mtu anayenyanyuliwa. Padri alisema turudie, hii imeharibika. Safari, ambaye hakuwa akisema kitu siku nzima, akasema, "Hapana, padri. Hii ndiyo."

Mjomba wake Safari alikuwa akienda Nairobi kuleta vitenge, akaubeba utepe wetu katikati ya nguo zake ukapigwe sahani huko. Kabla hajaondoka, Birindwa aliandika majina yetu kwenye karatasi ili yachapishwe. Nikamwomba asiandike langu.

"Niandike nani basi?"

"Andika mutu yeyote. Andika fulani."

Akaandika hivyo hivyo, kwa herufi kubwa. Alikuwa ameudhika. Mimi nilifurahi, nilidhani nimepata njia.

Miezi minne ilipita. Sanduku la disiki lilipofika, vijana wale watatu hawakulipeleka redio wala sokoni kwanza. Safari alisema haifai msichana awe ameimba kwenye sahani na baba yake hajui, lazima waende kumwona mzee kwa heshima, wamwombe pia ruhusa niimbe siku ya onyesho walilokuwa wanalipanga. Hawakuniambia. Walitaka nifurahi ghafla.

Walikuja Jumapili, baada ya misa ya pili. Birindwa alikuwa ameazima abacost, ile suti isiyo na tai ya enzi zile, iliyombana mabegani. Mugisho alikuwa amechana nywele. Safari alibeba disiki moja kwa mikono miwili, ameifunga kwa kitambaa cheupe cha mama yake. Papa alikuwa mezani anakula bugali, mimi nimesimama karibu yake na sahani ya mboga ya sombe.

"Karibuni," Papa akasema. "Muko batoto ba nani?"

"Tuko barafiki ba Nsimire, muzee," Birindwa akajibu. "Tulikuja kukuonyesha kazi tulifanya naye."

Papa akanigeukia. Hakuwa amekasirika, Nabintu. Nimeuona uso ule mara nyingi sana tangu siku ile, na hakuna hasira ndani yake. Aliuliza tu.

"Unabajua hawa?"

"Hapana, Papa. Sibajue."

Ilitoka nyepesi kabisa. Nilimtazama Birindwa, naye akanitazama, kisha akainamisha kichwa kwa babu yako.

"Utusamehe, muzee. Tulikosea nyumba."

Wakatoka. Safari alikuwa wa mwisho, na alikuwa bado ameishika ile disiki mbele ya kifua chake, kama mtu aliyebeba kitu na hajui tena pa kukiweka. Papa alirudi kwenye bugali lake. Baada ya tonge mbili alisema, "Bamevaa muzuri sana kwa batu wamepotea," akaendelea kula.

Nimefanya makosa mengine, utayajua mengine kwa shangazi yako. Lakini nikikaa peke yangu, kosa linalokuja ni hilo. Wala si uongo kwa Papa unaouma. Ni kwamba watu watatu walikuja kuniombea ruhusa wakiwa wamevaa nguo zao nzuri, nami nikawaacha washuke mlima ule jua likiwaka. Nilidhani ninamwogopa Papa. Ilinichukua miaka kutambua kwamba sikumpa Papa hata nafasi ya kuwa mtu wa kuogopwa. Nilimjibia ndani ya kichwa changu, nikamhukumu, nikafunga kesi, naye anakula.

Kisha wimbo ukavuma, na hiyo ndiyo adhabu niliyopewa.

Redio ya hapa mjini iliupiga Jumamosi moja alasiri. Mtangazaji aliukata sauti ilipoanza kupaa, akawaomba radhi wasikilizaji kwa sababu alidhani mashine yake imekufa. Watu wakaandika barua kumwuliza ule mwisho. Jumamosi iliyofuata akaupiga wote, mara mbili. Baada ya wiki chache ulikuwa kila mahali. Wanawake wa Kadutu waliupokea kama mali yao, na ilikuwa mali yao kweli. Mvua ikinyesha ulisikia njia nzima inaimba, na walio juu wanapandisha ule mwisho, na walio chini wanawajibu. Waliotoka Minova kwa mtumbwi wa soko walisema unaimbwa huko pia. Na kila mtu alitaka kujua Fulani ni nani. Wengine walisema ni mke wa askari wa Uvira. Wengine walisema ni mwanamume. Muuza dagaa mmoja alimwapia Maman kwamba Fulani ni binamu yake mwenyewe. Maman alikuwa amejua siku ya kwanza, kwa sababu yale yalikuwa maneno yake. Alinitazama tu, akaniambia, "Mimi siko na kinywa. Kinywa uko nacho wewe."

Na Papa aliupenda. Hilo sikulitegemea. Alikuwa anaupiga mluzi akinyoa ndevu. Aliongeza sauti ya redio kwa mkono wake mwenyewe, yeye ambaye Mungu wake hakuwa kiziwi. Mimi nilikuwa napeleka vyombo jikoni, nasikiliza sauti yangu inatoka kwenye redio iliyotengenezwa na Birindwa, na baba yangu anaitikia kwa mguu.

Ilifika siku ya mazoezi ya kwaya, Alhamisi jioni kabla jua halijazama. Tulikuwa tunaimba Gloria, tunaiimba kama wagonjwa. Papa akatusimamisha.

"Batoto, munajua ule wimbo wa Usiteleze? Makelele yake muache. Lakini sikilizeni ule mutoto Fulani. Anaimba kama mutu anabeba kitu kizito na anakataa kukiweka chini. Mimi nataka ile." Kisha akaniangalia mimi, kwa upole, kama mtu anayemfariji mlemavu. "Nsimire, wewe sauti yako iko kidogo, najua. Lakini jaribu tu. Jifunze kwake."

Sijui kama ni hasira au aibu au kicheko kilichonishika. Nilifungua mdomo nikaimba mstari wa kwanza, vile nilivyouita kwa padri. Ndege waliokuwa kwenye paa la kanisa walitoka wote. Mmoja wa wasichana wenzangu akaweka kitabu chake chini.

Papa alitafuta benchi kwa mkono, akaketi.

"Iko wewe."

"Iko mimi, Papa."

Nilingoja anipige, au atoke. Aliniuliza, kwa sauti ambayo sijaisahau:

"Kwa nini hapa haukuimbaka hivi?"

"Ulinifundisha kuimba polepole."

"Kweli," akasema. "Kweli, nilikufundisha." Akapangusa uso. Halafu nikaona linalomwuma limefika. "Na wale vijana watatu? Wale ba Jumapili?"

Nilikubali kwa kichwa.

"Batoto ba batu walikuja kwangu na heshima, Nsimire. Nikawaacha warudi bila kunywa hata maji." Akasimama, akanipa shali yangu iliyokuwa kwenye kiti. "Enda. Mimi nitakuja nyuma."

Nilikwenda kwa Birindwa mbio. Alikuwa ameinamia redio, hakuinua kichwa.

"Unatafuta nani?"

"Nakutafuta wewe."

"Unanijua?"

Nilikuwa nimetunga maneno njiani kote. Yote yalipotea. Nilisema, "Nakujua. Uko Birindwa. Ulipasua spika kwa wembe, na ulinifundisha kuimba, na nilikukana kwa Papa. Nimemwambia sasa." Aliendelea kulehemu. Moshi mdogo ulipanda, ukaisha. Kisha akasema, bado hajaniangalia, "Onyesho iko Jumapili. Repetisyo iko kesho saa tisa. Usichelewe." Kwa Birindwa hiyo ilikuwa hotuba ndefu ya msamaha, lakini mimi wakati ule sikuijua lugha yake, nikalia njia nzima.

Kesho yake saa tisa, tukiwa tunafunga nyaya, babu yako alitokea na kofia yake ya misa na kidumu cha kasiksi, pombe ya ndizi, kutoka Mumosho. Aliwamiminia wale vijana mmoja mmoja, kwa mkono wake, kuanzia Safari. "Hii iko ya Jumapili ile," akawaambia. Mugisho alimkumbatia. Birindwa alicheka. Safari alipokea kikombe kwa mikono miwili, akanywa, akashukuru vizuri. Mimi hakuniangalia.

Onyesho lilikuwa mchana katika ukumbi wa parokia, watu wamejaa mpaka madirishani. Papa aliketi mstari wa mbele. Gitaa lilipoanza alifunika masikio yake yote mawili, kisha akafungua moja, kisha la pili. Mimi shida yangu ilikuwa mwisho wa wimbo. Sauti ile ya juu haikuwa yangu, ilikuwa ya umeme, na nilijua sitaifikia. Tulipofika kwenye mstari wa mwisho nilipanda, nikapanda, nikakwama. Basi ukumbi mzima ukanipokea. Wanawake wa sokoni waliokuwa nyuma waliuchukua kutoka mdomoni mwangu wakaupeleka juu, na mbele yao wote Maman, amesimama juu ya benchi na viatu vyake. Nimefurahi mara nyingi maishani, Nabintu. Nilifurahi ulipozaliwa. Lakini kuchekeshwa na kulizwa kwa pamoja namna ile, ni siku ile moja.

Hatukufika mbali baada ya hapo. Tulirekodi wimbo wa pili, na spika mpya nzuri, ukatoka safi na hakuna aliyeutaka. Mugisho alirudi seminari. Leo ni padri, na waamini wake wanasema anagonga altare anapohubiri. Birindwa alibaki na redio zake. Mimi nikaolewa na baba yako, muuguzi wa watu, ambaye mpaka leo anasema wimbo ule una kelele, na nampenda kwa kuusema waziwazi. Sijutii kwamba muziki wetu uliisha. Uliisha ukiwa mzima.

Safari alikwenda Lubumbashi mwaka uleule. Nilimwandikia mara tatu. Hakujibu. Kwa muda mrefu nilidhani msamaha ni kama mvua, ukisubiri vizuri utafika. Siku hizi nimekubali kwamba alikuwa na haki yake, nami nina kosa langu, na vyote viwili vinaweza kukaa bila kugombana. Nakwambia haya kwa sababu unakwenda mji uleule. Usimtafute kwa ajili yangu. Mzigo huo si wako.

Sasa nije kwenye jambo lililonikalisha mezani.

Jumatatu, nilipokuwa napanga nguo zako kwenye valizi, niliona karatasi ya chuo kikuu. Sikupekua, ilianguka yenyewe kutoka kwenye kitabu. Imeandikwa umekubaliwa kusomea utabibu wa wanyama. Na baba yako tangu Julai anawaambia wauguzi wenzake, paroko, muuza mkate na hata wale wanaokuja kuchomwa sindano kwamba binti yake anakwenda kuwa daktari, na atarudi kuongoza wadi ambayo yeye anasafishia vidonda. Wewe unamsikiliza, unatabasamu, unasema, "Ndiyo, Papa." Nilikuona jana ukitabasamu hivyo. Nilikuwa nimeshika sahani ya sombe.

Siwezi kukuapia atakavyoipokea. Huenda atakaa kwenye ngazi bila kusema kitu. Huenda atauliza kwa nini ng'ombe. Lakini mkumbuke vizuri mtu mwenyewe. Ni Mushi wa Walungu, na Mushi na ng'ombe wake unawajua. Mahari yangu ilipokwenda kwa Papa, alilia kumuaga ndama mmoja mwekundu, na jina la ndama huyo bado analijua. Wewe umeshamjibia ndani ya kichwa chako, ukafunga kesi. Mpe nafasi ajibu mwenyewe.

Mimi sikumwambia wala sitamwambia. Barua hii nilitaka kuificha kwenye valizi uisome ndani ya meli, kisha nikaona huo ungekuwa woga wangu wa zamani umevaa nguo mpya. Naiweka juu ya kitanda chako. Utaikuta ukirudi. Utamsikia baba yako anafungua geti, atavua viatu, ataketi barazani kama kila siku. Pale penye kiti cha pili nimeondoa zile ndoo.

Mimi sitakuwepo. Nakwenda kwa jirani kurudisha sufuria yake, na nitakaa huko muda mrefu kuliko sufuria moja inavyohitaji.

Anayekupenda na nywele zako mpya bila kuziona,

Mama yako, Nsimire